Mwanasayansi Akiketi Mkekani, Nani Amtuze?

Aliyepata kuhudhuria taarabu katika harusi zetu za hapa mwambao ameyaona haya kwa macho yake. Mwimbaji anaimba, wapigaji wanapiga, watu wametulia. Kisha kwa ghafla mama mmoja aliyekuwa ameketi pembeni huinuka polepole, akaja mbele kwa mwendo wa maringo, akampa mwimbaji noti mkononi na kurudi mahali pake. Huko ndiko kutuza. Wala mama yule hamtuzi mwimbaji kwa kuwa ndiye wa kwanza ulimwenguni kuyajua machungu ya mapenzi. Humtuza kwa sababu maneno yamemfika. Yamemgusa pale pale palipokuwa pakimuuma.

Mfano huu nimeuleta makusudi, mpenzi msomaji, kwani leo nataka tuzungumze juu ya watu ambao kwa desturi hawatuzwi namna hiyo. Nao ni wanasayansi: wale wachunguzi wa maradhi, wa bahari, wa miti na wa nyota. Je, mtaalamu anayeondoka katika maabara yake, akavua viatu, akaketi mkekani pamoja na wavuvi na kina mama akawaeleza anachokifanya, na wao wakamweleza wanachokijua, mtu huyo anastahili tuzo? Na kama anastahili, ni nani wa kumpa?

NGAZI YA KARATASI

Kwanza tufahamu jinsi mambo yalivyo. Mtaalamu wa chuo kikuu hupanda cheo kwa ngazi, na vidato vikubwa vya ngazi hiyo ni karatasi. Akifanya uchunguzi huuandika na kuupeleka katika jarida la wataalamu wenzake, aghalabu kwa Kiingereza, nao huupima na kuuchapisha. Kadiri karatasi zake zinavyokuwa nyingi na majarida yake yanavyokuwa na sifa, ndivyo anavyopanda. Utaratibu huu si mbaya. Mwenye kuihukumu kazi ya fundi ni fundi mwenziwe, kwani ndiye anayejua ubao upi umepinda na msumari upi haukuingia sawasawa.

Lakini hebu tulitazame jambo hili kwa jicho la mwanakijiji. Asubuhi moja gari jeupe linafika. Wanashuka vijana na makaratasi, wanauliza nyumba ina watu wangapi, mnakula nini, mnavua samaki gani, maji mnateka wapi. Pengine wanachukua damu ya mtoto, au wanachota matope ya mkondoni na kuyatia chupani. Kisha wanaaga, gari linaondoka, vumbi linatua. Mwaka unapita, na wa pili, na mwanakijiji hapati kujua yale majibu yake yalikwenda wapi wala damu ile ilionyesha nini. Baada ya miaka kumi linakuja gari jingine na maswali yale yale. Tukisema watu wa vijijini hawaipendi sayansi, huwa tunawaonea. Wao hawajakataa sayansi, bali wamechoka kuwa shamba linalovunwa bila ya mwenye shamba kuonjeshwa hata hindi moja.

KILIFI NA HOFU YA MUMIANI

Waliokulia mapwani wanalijua jina la mumiani. Tulipokuwa watoto tulitishwa nalo: usitembee peke yako magharibi, mumiani atakukamata akunyonye damu aende akaiuze ifanywe dawa. Hofu hiyo ina umri mrefu. Ilikuwako zama za Wakoloni, wala haikuondoka pamoja na bendera yao.

Sasa basi, fikiria mtihani uliowakabili wataalamu waliofungua kituo cha utafiti wa maradhi mjini Kilifi mwaka 1989, kwa ushirikiano wa Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya (KEMRI) na wakfu wa Wellcome wa Uingereza. Kazi yao kubwa ilikuwa malaria, na malaria hutafutwa katika damu. Mtu anayetaka damu ya mtoto asiye mgonjwa, tena katika nchi ya mumiani, atajieleza vipi?

Uvumi ulikuwako, na watafiti wenyewe wameuandika katika kazi zao. Ila baadhi yao walitambua kwamba uvumi ule haukuwa ujinga mtupu. Ndani yake mlikuwa na swali la haki kabisa: mnachukua kitu chetu, mnakipeleka wapi, na sisi tunapata nini? Wakaanzisha mpango wa kuzungumza na watu. Vijiji vikachagua wawakilishi wao, wanakijiji wa kawaida wasio waajiriwa wa kituo, wawe wanakutana na watafiti, wakipeleka maswali ya mtaani na kurudi na majibu. Wanafunzi wa sekondari wakakutanishwa na wataalamu, wakaona maabara kwa macho yao.

Katika mazungumzo kama hayo ndipo mtaalamu anapojifunza kunena. Ukimwambia mama kwamba utatoa mililita tano za damu, umemtisha bure. Ukimwambia ni kijiko kimoja cha chai, na ukamwonyesha hicho kijiko, ameelewa, na sasa anaweza kukubali au kukataa akiwa na akili zake timamu. Na kukataa kwake pia ni haki yake.

Faida yake tumeiona. Kilifi ilikuwa moja ya vituo 11, katika nchi 7 za Afrika, vilivyofanya majaribio makubwa ya chanjo ya malaria iitwayo RTS,S kuanzia mwaka 2009 hadi 2014. Watoto zaidi ya 15,000 walishiriki kwa jumla. Mwezi wa Oktoba 2021 Shirika la Afya Ulimwenguni likapendekeza chanjo hiyo itumiwe kwa watoto wa Afrika. Chanjo ya pili, R21, ilipopendekezwa mwaka 2023, Kilifi ilikuwamo tena katika majaribio, pamoja na jirani zetu wa Bagamoyo. Majina ya wataalamu yameandikwa katika majarida. Mama aliyekiangalia kile kijiko cha chai akasema "haya, mchukueni", na mwakilishi wa kijiji aliyemwelezea kwa Kigiriama jua likiwaka, hawamo. Hapo ndipo hesabu ya tuzo inapopungua.

MIKOKO YA GAZI

Tushuke sasa kusini hadi Gazi, katika Kaunti ya Kwale, mwendo wa kiasi cha kilomita 50 kutoka Mombasa. Hori ya Gazi imezungukwa na mikoko. Watu wa pwani wanaijua miti hii tangu zamani kwa majina yake: mkoko wenyewe, mchu, muia, mkandaa, mlilana, mkomafi na msikundazi. Wanajua pia vipimo vya nguzo zake, kuanzia fito na pau hadi mazio na boriti zilizoezeka nyumba za Lamu na kuvuka bahari kwenda Arabuni na Ghuba.

Katika miaka ya 1970 mikoko mingi ya Gazi ilikatwa kuwa kuni za viwanda. Sehemu zilizofyekwa zikabaki uwanda wa matope na chumvi, miche haikuota yenyewe, na kwenye mikoko iliyokatwa hata samaki hupungua, kwani kamba, kaa na samaki wachanga hulelewa katika mizizi yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wataalamu wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya (KMFRI), miongoni mwao James Kairo, wakaanza kuipanda tena pamoja na wanakijiji. Kazi hii haiwezi kufanywa na mtu wa ofisini peke yake. Anayejua bamvua likijaa litafika wapi, na maji mafu yataacha wapi pakavu, ni mvuvi. Anayejua mche upi hustahimili wapi ni mtaalamu. Kila mmoja alikuwa na nusu ya elimu, na kwa kuwa wote wawili walikuwa matopeni, nusu mbili zikakutana.

Baadaye uchunguzi ukaonyesha jambo ambalo wazee hawakuwa nalo katika hesabu zao. Matope yaliyo chini ya mikoko ni ghala. Mti unapokua hufyonza hewa ya ukaa, ile inayotiwa angani na moshi wa magari na viwanda na kuzidisha joto la dunia. Majani na mizizi inapozikwa matopeni haiozi upesi kama ya nchi kavu, na kwa hiyo ukaa hubaki chini kwa miaka mingi mno. Mikoko ikifyekwa, ghala limevunjwa na mali imetoka.

Kutokana na elimu hiyo ukazaliwa mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza mwaka 2013 na vijiji vya Gazi na Makongeni. Wanakijiji wanalinda hekta 117 za mikoko, na ukaa unaohifadhiwa hupimwa na kuuzwa kwa watu wa ng'ambo wanaotaka kufidia moshi wao, kiasi cha tani 3,000 kwa mwaka. Fedha hupangiwa matumizi na wanakijiji wenyewe, na zimeleta maji na vitabu vya shule. Mwaka 2017 Mikoko Pamoja walipewa Tuzo ya Ikweta, itolewayo na Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa. Mwaka 2019 Kairo naye akateuliwa katika udhamini wa Pew wa hifadhi ya bahari. Huko Vanga, Jimbo na Kiwegu mradi ndugu yake ukafuata.

Nakuomba uliangalie jambo moja, msomaji. Tuzo ya Ikweta haikupewa mtaalamu peke yake, ilipewa kundi la wanakijiji. Hii ndiyo tuzo iliyofahamu kazi yenyewe ilivyokuwa.

TUZO ZA ULIMWENGU

Walimwengu nao wamelifikiria suala hili kwa muda mrefu. Mwaka 1951 Biju Patnaik, tajiri wa Orissa huko India, alitoa mali yake ili Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni (UNESCO) litoe tuzo kwa watu wanaoieneza sayansi kwa umma. Tuzo hiyo huitwa Kalinga, kwa jina la kale la nchi ile. Mwaka 1952 wa kwanza kuipata alikuwa Mfaransa Louis de Broglie, mwanasayansi mwenye Tuzo ya Nobel. Tazama ajabu yake: fedha zimetoka India, nchi iliyokuwa na miaka minne tu ya uhuru wake, kwenda kumtuza Mzungu kwa kuwafahamisha watu elimu.

Miaka mingi ikapita hata zamu ikafika Ghana. Mwaka 1999 alituzwa Profesa Marian Addy wa Ghana, mtaalamu wa kemia ya viumbe aliyechunguza dawa za mitishamba za waganga wa kwao. Waghana hawakumjua kwa karatasi zake. Walimjua kwa runinga, kwani tangu mwaka 1993 alikuwa ndiye muulizaji katika mashindano ya sayansi na hesabu ya shule za sekondari, na nchi nzima ilikaa kumtazama kama inavyotazama kandanda. Mtoto wa Kighana aliyemwona mama yule akiuliza maswali ya fizikia kwa utulivu alipata somo jingine juu ya somo: kwamba elimu hii haina jinsia wala rangi.

Uingereza nako wana tuzo ya Michael Faraday, iliyoanzishwa mwaka 1986 na jumuiya yao kuu ya wanasayansi. Faraday alikuwa mtoto wa mhunzi, akajifunza kazi ya kujalidi vitabu, na elimu yake ya mwanzo aliiokota katika vitabu alivyokuwa akivijalidi. Alipokuwa mkubwa hakusahau alikotoka. Alitoa mihadhara kwa vijana wakati wa Krismasi, na mashuhuri zaidi ni ile aliyoeleza sayansi nzima kwa kutumia mshumaa mmoja tu unaowaka.

Lakini si kila aliyewafundisha watu alisifiwa na wenzake. Mmarekani Carl Sagan, mtaalamu wa sayari, aliwaonyesha mamilioni ya watu maajabu ya mbingu katika vipindi vyake vya runinga vya mwaka 1980. Mwaka 1992 alipopendekezwa kuwa mwanachama wa chuo cha taifa cha wanasayansi wa Marekani, alikataliwa. Wengi waliona kwamba kilichomponza ni umaarufu wake: walidhani mtu anayependwa hivi na umma hawezi kuwa mtaalamu wa kweli. Mwaka 1994 chuo kile kile kikampa nishani kwa utumishi wake kwa umma. Alifariki mwaka 1996.

Hapa kwetu Wangari Maathai aliyaonja hayo. Mwaka 1971 alipata shahada ya udaktari katika sayansi, wa kwanza miongoni mwa wanawake wa Afrika Mashariki na Kati. Mwaka 1977 alianza kuwafundisha kina mama wa vijijini kupanda miti. Wako mabwana misitu waliowacheka, eti kupanda mti kwataka diploma. Kina mama wakapanda mamilioni. Mwaka 2004 ikamjia Tuzo ya Nobel, nayo ilikuwa ya amani.

WAZEE WETU WALITANGULIA

Isidhaniwe kwamba jambo hili ni la kigeni kwetu. Ahmad bin Majid, nahodha na mtaalamu wa bahari kutoka Julfar katika Ghuba, aliandika elimu ya nyota, pepo na bandari kwa mashairi. Utungo wake mkubwa wa mwaka 1462 una mishororo zaidi ya elfu, na mwingine unaeleza njia za mwambao wetu hadi Sofala. Kwa nini mashairi? Kwa sababu nahodha usiku wa kiza hana taa ya kusomea kitabu, ila beti aliyoihifadhi kichwani haizimwi na upepo.

Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, mwanachuoni mkubwa wa Mombasa, angeweza kuridhika na darsa za msikitini. Badala yake alianzisha Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, magazeti madogo yaliyopeleka hoja nzito hadi barazani kwa watu wa kawaida. Na Sheikh Ahmad Nabhany wa Lamu, aliyetuaga mwaka 2017, alitunga Sambo ya Kiwandeo juu ya uundaji wa jahazi, na Umbuji wa Mnazi juu ya mnazi na manufaa yake yote. Hilo neno "runinga" nililolitumia hapo juu limetoka kwake. Alijua kwamba jambo lisilo na jina katika lugha ya watu halijafika kwao bado.

Tena sote tuliopitia chuoni tumefunzwa kuwa elimu ina zaka yake, na zaka ya elimu ni kuitoa. Tulionywa pia juu ya mwenye kuulizwa akaficha anachokijua.

TUZO GANI?

Kwa hiyo naona ni haki wataalamu wetu watuzwe kwa kazi hii, na itiwe uzito katika vyeo vyao, isiwe kama sadaka wanayoitoa siku za mapumziko. Kijana mtafiti akijua kwamba mwaka aliokaa kijijini utahesabiwa kuwa mwaka uliopotea, atakaa kijijini kwa nini?

Ila tuhadhari. Tuzo ikiwa ni ya maneno matamu tu, itawapata wenye ulimi mwepesi, na yule mpole anayerudi kijijini kila mwezi bila ya kamera hatajulikana. Kwa maoni yangu mizani iwe ya maswali matatu. La kwanza, je, alirudi? Yaani baada ya kuchukua, alileta habari ya alichokipata, hata kama ni habari mbaya? La pili, alisema kwa lugha gani? Na la tatu, ambalo ndilo zito, alibadilika? Mtaalamu aliyesikiliza watu mwaka mzima asigeuze hata jambo moja katika kazi yake, huyo hakuzungumza nao, aliwahutubia.

Na waamuzi wawe ni nani? Turudi kwenye taarabu. Anayetuza ni yule yaliyemfika. Katika jopo la tuzo kama hiyo pasikose mvuvi, mkunga, mwalimu wa chuo cha Kurani na mwakilishi wa kijiji, wakae sawa na maprofesa, kauli yao ihesabiwe sawa. Na jina litakalotajwa lisiwe la mtaalamu peke yake, bali pamoja na wenyeji walioshika ncha ya pili ya kamba.

Fedha si sharti. Mtu wa pwani ana heshima anazoweza kutoa bila ya kumwomba serikali wala mzungu: kiti cha mbele, dua ya wazee, jina kutajwa mbele za watu. Nami, kwa kuwa sina noti ya kutuza, natuza kwa beti mbili:

Elimu ni kama maji, hayanyweki kisimani,
Kiu ya mwenye kuhoji, haikatwi kabatini,
Mtaalamu mpaji, aketiye mkekani,
Si mgeni, ni mwenyeji, tumtuze hadharani.

Tuzo siyo fedha tele, wala nishani shingoni,
Ni kumweka mbele mbele, anenapo barazani,
Na swali letu la kale, alijibu kwa yakini,
Elimu haina ndwele, ikitoka kifungoni.